Makao Mawili ya Wimbo wa Dansi

Wimbo wa dansi una makao mawili. Makao ya kwanza ni uwanja, au ua wa ukumbi usio na paa, ambako bendi hupiga tangu saa tatu za usiku na watu hucheza mpaka saa nane au saa tisa. Makao ya pili ni redio, ambako wimbo ule ule hukaa kwa dakika chache kisha huondoka kupisha taarifa ya habari. Mkazi wa Dar es Salaam aliweza kuuzuru wimbo katika makao yote mawili. Mkazi wa Mwazye, juu ya uwanda wa Ufipa, kwa miaka mingi aliujua kwa makao ya pili tu. Wote wawili walijiita wapenzi wa bendi moja, na wote wawili walitaja jina moja la wimbo. Linalofaa kuulizwa na wanafunzi wa fasihi ni kama watu hao walisikia kitu kimoja. Na kama havikuwa kitu kimoja, ni kipi kati ya hivyo viwili mhakiki apaswa kukihukumu.

Swali hili si la mchezo. Nyimbo za dansi za karne ya 20 zilisikiwa na watu wengi ambao hawakupata kufungua diwani hata moja ya mashairi ya Kiswahili. Shaaban Robert alipouandika Wasifu wa Siti binti Saad, uliochapwa mwaka 1958, alionyesha kwamba maisha na kazi ya mwimbaji yaweza kuwa jambo la nathari njema na la fikira nzito. Waliofuata nyayo zake wamezisoma nyimbo kwa bidii, lakini aghalabu kwa njia moja: huketi na kalamu, huandika maneno, huyagawa katika beti, halafu huyapima kwa vina, mizani na mafunzo. Kipimo hicho kilichongwa kwa ajili ya shairi. Wimbo wa dansi ukiwekwa juu yake huonekana mara nyingi kuwa shairi dhaifu, lenye maneno machache yanayorudiwa, vina vya kubahatisha, na ukomo wa ghafula katikati ya njia huku ala zikiendelea bila neno. Hukumu hiyo haina haki, kwa sababu imeutazama mlango na kuisahau nyumba.

Mwazye ni mahali pafaapo kulipimia jambo hili kwa sababu ya umbali wake. Kijiji hiki, chenye misheni ya Kikatoliki ya siku nyingi, kimo katika Wilaya ya Kalambo, Mkoa wa Rukwa, kusini mwa mji wa Sumbawanga. Uwanda wa Ufipa umeinuka kati ya Ziwa Tanganyika upande wa magharibi na bonde la Ziwa Rukwa upande wa mashariki. Sehemu zake nyingi hukaribia mita 1,800 juu ya bahari, na usiku wa Juni na Julai huwa wa baridi kali. Kutoka huko hadi Dar es Salaam ni safari ipitayo kilomita 1,000. Kabla ya lami kutandazwa katika miaka ya 2010, njia itokayo Tunduma ilikuwa ya vumbi wakati wa kiangazi na ya matope wakati wa mvua. Bendi kubwa, zenye watu wengi na vyombo vizito, hazikuwa wageni wa kila mwezi wa njia kama hiyo.

Sauti haikuhitaji barabara. Utangazaji ulianza Dar es Salaam mwaka 1951. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, na mwaka 1965 ikawa Redio Tanzania Dar es Salaam. Kwa kuwa nchi ilikaa muda mrefu bila kiwanda chake cha kutengenezea sahani za santuri, studio ya redio ndiyo iliyokuwa mahali ambapo bendi nyingi ziliweka kazi zao. Humo ziliingia NUTA Jazz, iliyoundwa mwaka 1964. Western Jazz na mtindo wake wa Saboso. Morogoro Jazz ya Mbaraka Mwinshehe. Na baadaye Mlimani Park, iliyoundwa mwaka 1978. Redio ilikuwa maktaba ya taifa ya nyimbo, na msikilizaji wa Ufipa alikuwa na haki ya kuingia humo sawa na msikilizaji wa Kariakoo.

Maktaba hiyo ilimpa maneno kwanza. Betri zilikuwa mali, wala haikuwa busara kuiacha redio ikiwaka bure kama kelele ya nyumbani. Wimbo ulipopigwa, uani kukiwa na majirani, maneno yalifuatwa moja baada ya jingine, na kesho yake yalichambuliwa njiani na shambani: nani amekosa, mume au mke, rafiki yule amesaliti au amesingiziwa, mzazi ana haki gani juu ya mtoto aliyekwenda mjini akasahau kwao? Nyimbo za Marijani Rajabu, kama vile "Georgina" na "Zuwena", na nyimbo za Mlimani Park, kama vile "Neema" na "Nalala kwa Tabu", zilifaa sana kwa usikilizaji wa namna hiyo. Kwa mtu aliyelelewa katika Kifipa, zilikuwa pia darasa la Kiswahili cha mjini, lenye misemo isiyopatikana katika vitabu vya shule. Mpenzi wa redio, basi, alikuwa msomaji wa kusikia, na usomaji wake ulikuwa wa makini kuliko wa wengi walioukaribia wimbo kwa miguu.

Katika makao ya kwanza wimbo una umbo jingine. Gita huufungua kwa kifungu kifupi kinachotambulika mara moja. Maneno hufuata kwa mwendo wa kutulia, mwimbaji mmoja akitoa na wenzake wakiitikia kwa sauti mbili au tatu. Kisha huja mahali ambapo maneno hukoma na mwendo hubadilika. Wapenzi wa dansi hupaita chemko, na jina hilo limetoka jikoni: maji yaliyokuwa yamepata moto polepole sasa yanatokota. Gita la solo hushika sauti chache na kuzirudia. Gita la pili hulijibu. Rithimu na besi hushikilia chini. Tumba na drams huongeza kasi. Saksafoni na tarumbeta huingia kwa pamoja, hukata, hurudi. Katika santuri ndogo jambo hili lilikuwa na mpaka mgumu, kwani mara nyingi upande wa kwanza ulibeba maneno na upande wa pili ukabeba chemko, kila upande dakika tatu au nne. Kanda za redio zililegeza mpaka huo kidogo. Ukumbini mpaka ni pumzi za wapigaji na miguu ya wachezaji.

Achukuliwe kwa mfano mtu wa Mwazye aliyeupenda wimbo mmoja wa Mlimani Park kwa redio miaka kadhaa, naye akapata safari ya Dar es Salaam, akaingia DDC Kariakoo usiku wa Jumamosi katika miaka ambayo bendi hiyo ilikuwa mali ya DDC. Anakaa pembeni. Bendi inapiga nyimbo asizozijua, halafu gita linatoa kifungu kile anachokijua, na moyo wake unaruka. Anayafuata maneno yote, hakosi hata moja. Lakini akitazama kando yake anashangaa, kwa maana watu wa meza ya jirani hawasikilizi. Wanazungumza, wanaagiza vinywaji, wanaulizana habari za kazini. Jozi chache tu ziko katikati ya ua, zikicheza kwa unyenyekevu. Mgeni anaweza kuwahukumu kuwa watu wasiojali, waliopewa chakula kizuri wasijue ladha yake.

Maneno yanakoma. Hapa ndipo, katika redio, mtangazaji mwenye saa mbele yake angeanza kupunguza sauti. Uani hakuna anayepunguza. Viti vinabaki vitupu kwa mara moja; wale waliokuwa wakizungumza wameinuka bila kuitwa, kana kwamba walikuwa wakiihesabu kila beti huku wakijifanya hawasikii. Mgeni naye anainuka kwa sababu hakuna njia ya kuona akiwa amekaa. Zinapita dakika tatu, kisha tano. Gita linarudia kifungu kile kile, na mwanzoni yeye huungoja mwisho, kama alivyozoea. Mwisho haufiki. Kifungu kimebadilika kidogo, sauti moja imeongezwa, tumba imejibu, na kundi zima limegeuka upande mmoja bila amri. Wakati fulani, ambao yeye mwenyewe hawezi kuutaja baadaye, anaacha kungoja. Mpaka hapo alikuwa msikilizaji wa wimbo. Sasa ni mmoja wa wale wanaoufanya.

Maneno haya ya mwisho yaweza kudhaniwa ni chuku, kumbe ni maelezo ya jambo linaloonekana kwa macho. Mtu anatoka katikati ya wachezaji, anapanda jukwaani na kubandika noti kwenye paji la uso la mpiga solo. Huko ndiko kutunza, na methali isemayo kwamba mcheza kwao hutunzwa hupata maana yake halisi hapo. Mpiga solo aliyekuwa anakaribia kukiacha kifungu chake anakishika tena, anakizungusha mara nyingine kadhaa. Mwimbaji anasogea kwenye kipaza sauti na kuita majina ya watu walio mbele yake. Wachezaji wakichoka, wapigaji huona, hukata, huingiza saksafoni ili kuwapumzisha au kuwaamsha. Noti ile ni uhakiki uliotolewa kwa wakati wake, na uhakiki huo umeongeza mistari katika kazi inayohakikiwa. Hakuna mwandishi wa kitabu aliyewahi kupata msomaji wa namna hiyo, kwa kuwa kitabu kinapomfikia msomaji wino umekwisha kauka.

Kukosekana kwa paa nako kuna kazi. Ndani ya nyumba iliyofungwa sauti hurudishwa na kuta, na aliyelipa kiingilio hutengwa na asiyelipa. Uani sauti hupanda na kuvuka ukuta. Walio barabarani huisikia, wauza karanga na sigara huisikia, na vijana wasio na fedha hucheza nje ya lango wimbo ule ule. Hadhira ya dansi la uwanjani haina idadi kamili. Wapigaji wanajua hivyo, nao hupiga kwa kuwafikia hata wasioonekana.

Mtu wa Mwazye, baada ya mshangao wake wa kwanza, atagundua kwamba jambo hili si geni kwake. Huko Ufipa kiangazi kilikuwa majira ya ngoma, mavuno ya ulezi na mahindi yakiwa yameingia nyumbani na pombe ya ulezi ikiwa tayari, na katika ngoma hizo za uwanjani hakuna aliyeuliza wimbo una dakika ngapi. Dansi halikuficha ukoo huu. Mlimani Park huitwa Sikinde, na Sikinde ni jina la ngoma ya Wazaramo. NUTA Jazz, iliyokuja kuwa JUWATA Jazz, kisha OTTU Jazz, imejulikana kwa jina la Msondo, nayo msondo ni ngoma ndefu ya watu hao hao wa pwani. Magita na tarumbeta yalitoka mbali, lakini majina ya mitindo yalichaguliwa ili kuonyesha yalikofikia. T. O. Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975, alieleza jinsi beni ilivyozichukua tarumbeta na safu za kijeshi za wageni na kuzifanya mashindano ya vyama vya wenyeji. Dar es Salaam Jazz Band ilipoundwa mwaka 1932, watu wa mjini walikuwa wamekwisha kujua kwamba chombo cha kigeni chaweza kufundishwa adabu ya uwanja wa nyumbani.

Wataalamu wa fasihi simulizi wametoa maneno yanayosaidia kulieleza jambo hili. Albert Lord, katika kitabu chake cha mwaka 1960 juu ya waimbaji wa tendi wa Yugoslavia, alionyesha kwamba mwimbaji wa aina ile hakariri utendi uliokwisha tungwa. Huutunga anapouimba, na kila mara aimbapo ni utungo kamili wenye haki yake. Ruth Finnegan, mwaka 1970, alisisitiza kwamba katika fasihi simulizi ya Afrika mahali, wakati na hadhira ni sehemu ya kazi yenyewe. Na kwa Wafipa wenyewe upo ushahidi wa karibu zaidi. Roy Willis, aliyefanya utafiti Ufipa katika miaka ya 1960, alizitoa hadithi za Wafipa katika kitabu cha mwaka 1978, akaziita sanaa ya kusemwa. Jina hilo lina onyo ndani yake. Hadithi iliyo katika ukurasa ni nakala ya jioni moja, mbele ya watu fulani, wakicheka mahali fulani; jioni nyingine ingezaa nakala nyingine. Isingekuwa haki kumpima msimulizi wa Ufipa kwa nakala moja, na si haki kuipima bendi kwa kanda moja.

Jambo hili halikutokea Afrika Mashariki peke yake. Bendi ya Grateful Dead, iliyoanza California mwaka 1965, ilitoa mwaka 1968 wimbo uitwao "Dark Star" katika santuri ndogo, nao haukufika dakika tatu. Katika santuri ya maonyesho ya hadhara iliyotolewa mwaka 1969, wimbo huo huo ulipita dakika 23. Wapenzi wa bendi hiyo walisafiri kutoka mji hadi mji kwa kuwa walijua kwamba wimbo walioukuta jana hawataukuta leo. Mwaka 1984 bendi iliwatengea mahali maalumu wale waliotaka kunasa maonyesho kwa mashine zao, na kanda hizo zilibadilishanwa bila kuuzwa. Hata katika nchi yenye viwanda vingi vya santuri, basi, wapenzi waliona kwamba kitu kilichouzwa dukani hakikuwa kazi nzima. Wapenzi wa California walipata kunasa kila usiku, na wanafunzi wao leo waweza kulinganisha "Dark Star" ya mwaka mmoja na ya mwaka mwingine. Usiku wa Kariakoo, kwa sehemu kubwa, haukunaswa. Kilichobaki ni kanda za studio na kumbukumbu za waliokuwapo. Mhakiki wa dansi ana mzigo mzito zaidi, kwani kazi anayoitafuta ilikwisha wakati umeme wa ukumbi ulipozimwa.

Msomaji mwenye hadhari atatoa pingamizi, na pingamizi lake lina nguvu. Atasema kwamba urefu si sifa. Ngoma ikivuma sana hupasuka. Gita laweza kurudia kifungu kwa nusu saa kwa sababu tu mpigaji hana la kusema na hajui namna ya kunyamaza. Atasema tena kwamba furaha ya wachezaji si hukumu ya sanaa. Watu waliokunywa, waliolipa na waliotaka kufurahi watafurahi. Noti katika paji la uso huonyesha ukarimu wa mtoaji, pengine na majivuno yake, kabla ya kuonyesha ubora wa mpigaji. Ikiwa kila chemko lililochezwa ni jema, uhakiki hauna kazi.

Pingamizi hilo lakubalika kwa nusu. Ni kweli kwamba yako machemko matupu, na wapenzi wazoefu wanayajua kuliko wahakiki. Ua hupungua watu polepole, mmoja anakwenda kuagiza kinywaji, wawili wanakumbuka mazungumzo yao, na bendi yenye akili hukata. Hapo hukumu imetolewa tayari. Lakini kipimo cha chemko jema hakipatikani katika urefu wala katika kelele za watu. Kinapatikana katika uhusiano wa chemko na maneno yaliyolitangulia. Wafipa wana kilimo chao cha matuta ya duara, ambamo majani hufukiwa ardhini, yakaoza, yakalisha mazao ya msimu ufuatao. Maneno ya wimbo mwema wa dansi hufukiwa vivyo hivyo. Mchezaji hayasemi tena, lakini anachokicheza kimelishwa nayo. Na wimbo ambao maneno yake yalikuwa mepesi huota chemko jembamba, hata wapigaji wawe hodari namna gani.

Wimbo "Kifo" wa Remmy Ongala ni mfano ulio bora. Remmy alizaliwa Kindu, Kongo, mwaka 1947, akafika Dar es Salaam mwaka 1978, akapata sifa kwa bendi ya Super Matimila, akafariki mwaka 2010. Katika wimbo huo mwimbaji anakabili kifo kama mtu anavyomkabili mshitakiwa asiyejibu. Ushairi wa Kiswahili una mazoea ya zamani ya kuitafakari mauti. Al-Inkishafi imekwisha kuwa kipimo cha tafakari hiyo kwa wasomaji wote. Jambo ambalo shairi la kusomwa halina ni lile linalofuata maneno ya "Kifo" uwanjani, ambapo watu waliokwisha kukumbushwa kwamba watakufa wanacheza. Aliyeyaandika maneno peke yake ataona huzuni, na aliyerekodi chemko peke yake ataona furaha. Mpenzi aliyekuwapo anajua kwamba maana ya wimbo imo katika kupita kutoka hili kwenda lile, na kwamba mwili wake mwenyewe ndio uliolivuka daraja. Chemko hilo limelishwa, na mhakiki anaweza kusema kwa nini.

Swali la mwenye wimbo nalo hupata nuru hapa. Vyombo vya bendi nyingi vilikuwa mali ya chama, shirika au tajiri, na wapigaji walikuwa waajiriwa wa mshahara. Mwaka 1985 waimbaji na wapigaji mashuhuri wa Mlimani Park, akiwamo Muhiddin Maalim Gurumo na Hassan Bitchuka, walihamia International Orchestra Safari Sound, na huko ukasimamishwa mtindo wa Ndekule. Kwa hesabu ya karatasi, Sikinde ingalikufa, maana sauti zake kubwa zilikuwa zimeondoka. Haikufa. Wapya waliingia, nao wakakuta mtindo unawangoja, umeshikwa na watu wasiopata mshahara wowote kwa bendi, yaani wale waliojua kila mahali pa kuinuka na kila mahali pa kukaa. Hao ndio waliokuwa wakisema usiku ule kama hii ni Sikinde au siyo. Mashindano ya Msondo na Sikinde, yaliyoendelea katika sikukuu hata baada ya mwaka 2000, yalikuwa na nguvu kwa sababu wapenzi wa pande mbili walibeba sheria za mitindo hiyo vichwani mwao. Pengine neno mwenyewe si jina la mtu mmoja katika sanaa hii.

Je, baada ya haya yote, mtu wa Mwazye aliyebaki na redio yake alikuwa na nusu iliyo duni? Mhakiki wa haraka atajibu ndiyo, na atakosea. Usiku wa ukumbini, maneno yalikuwa yamezoeleka mno hata yakaacha kusikika. Wale wa meza ya jirani waliyangoja yapite. Ni uani kwa majirani wa Mwazye ambako maneno yalipewa muda wa kuulizwa. Huko ndiko kisa cha wimbo kilikopingwa, kikatetewa, kikahusishwa na ndoa na deni la mtu anayejulikana. Hoja za Dar es Salaam zilifika Ufipa zikiwa wimbo na zikageuka baraza. Ni makosa kudhani kwamba utengenezaji wa wimbo ulifanyika jukwaani tu. Uani kwa wasikilizaji ulifanyika wa namna nyingine, polepole, bila gita.

Lakini redio ilikuwa na mlinzi mlangoni. Maneno yalipitiwa kabla ya kurekodiwa, na si kila wimbo ulioruhusiwa. "Mambo kwa Soksi" wa Remmy Ongala, uliotoka karibu na mwaka 1990 kuwahimiza watu wajikinge na UKIMWI, haukupigwa na Redio Tanzania, ingawa ulivuma sana katika kumbi. Huo ulikuwa wimbo wenye kuhusu uhai wa kila msikilizaji, wa mjini na wa kijijini. Wa mjini waliusikia chini ya anga lao; wa Mwazye, aliyetegemea redio, hakuletewa. Tofauti ya makao mawili haikuwa ya ladha peke yake. Kuna mambo ambayo uwanja uliweza kuyasema na redio haikuthubutu, na aliyekuwa mbali na uwanja alilipa gharama ya umbali huo kwa kutojua.

Tangu miaka ya 1990 mambo yamebadilika. Vituo vya binafsi vimeongezeka, bongo fleva imechukua vijana, na simu hubeba nyimbo hadi mahali ambapo bendi haikupata kufika. Mwanafunzi anayetaka kuzichunguza nyimbo za dansi leo ataanza, kama ilivyo lazima, kwa kanda zilizobaki na maneno yaliyoandikwa. Hakuna ubaya katika hilo, mradi asidhani amekwisha kuukuta wimbo. Anapoandika maneno, na aandike pia yanakomea wapi, na chemko linadumu kwa muda gani baada yake. Na awaulize waliokuwapo ni wakati gani watu waliinuka, nani alitunzwa na katika kifungu kipi. Kisha na aende mbali na mji, hata Mwazye, akawaulize waliokuwa na redio walibishana juu ya nini kesho yake. Wazee waliosikia kwa masikio yao wangali wapo, wa mjini na wa Ufipa, lakini hupungua kila mwaka, na kazi hiyo haiwezi kungoja.